Maji ya Pipa la Bluu

Sehemu ya sita

Mliosoma wiki iliyopita mliniacha juu ya kitanda cha daktari, miguu ikining'inia kwa sababu kitanda kilikuwa cha juu mno kwangu, nikiambiwa kwamba mayai yaliyobaki tumboni mwangu ni kama ya mwanamke anayekaribia hamsini. Mimi nina miaka thelathini na miwili.

Ambao hamkusoma, habari ni hii. Nimeolewa miaka sita. Mume wangu ni fundi wa friji, watu wanamwita Kimya, na jina hilo hakupewa kwa utani. Mtoto hatujapata. Nimekunywa mizizi ya kila rangi. Nimekandwa tumbo. Nimehamishiwa kitanda kutoka ukuta wa kushoto kwenda wa kulia. Mume wangu alipimwa, akaonekana mzima. Alinionyesha cheti chake bila kusema neno, kama abiria anayeonyesha tiketi.

Mama mkwe amekwisha kuitisha kikao cha familia. Jumapili, saa nane mchana, ajenda moja, nayo ni mimi. Baba mkwe yeye hanitukani. Kila mwisho wa mwezi huniuliza neno moja tu: "Tayari?" Namjibu bado. Anaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye gazeti lake.

Msomaji mmoja aliniandikia kwamba nilale nimeegemeza miguu ukutani nusu saa kila jioni. Nimefanya. Ukuta umechafuka.

Basi tuendelee.

Daktari alikuwa mama mwenye nywele fupi za mvi na kalamu mbili mfukoni. Hakuniuliza nilichozoea kuulizwa. Nilizoea kuulizwa kama nimewahi kutoa mimba. Yeye aliuliza, "Ulikulia wapi?"

"Shamba la miwa," nikasema. "La kampuni. Tulikaa nyumba za wafanyakazi, mstari wa nne, mpaka nilipofikisha miaka saba."

"Mama yako alikuwa na kazi gani?"

"Gengi la dawa."

Kalamu ikasimama. "Dawa gani?"

"Ya magugu. Walibeba bomba mgongoni, wakapita katikati ya miwa wakipuliza. Wanawake kumi na wawili. Walichaguliwa wanawake kwa sababu eti wana mkono mwepesi."

"Alipuliza akiwa na mimba yako?"

"Sijui. Ila sijasikia kwamba mimba ilikuwa sababu ya kukaa nyumbani."

Akaandika. "Maji ya nyumbani mliweka wapi?"

"Kwenye pipa. Pipa la bluu, la plastiki, refu kuliko mimi. Nilikuwa nasimama juu ya tofali ndipo nifikishe kikombe."

"Na kabla ya kuwa pipa la maji, lilikuwa pipa la nini?"

Hapo nikakwama. Katika maisha yangu yote sikuwahi kujiuliza hilo. Pipa ni pipa. Lilikuwa na mchoro wa jani lililokauka upande mmoja, na upande wa pili alama ya karatasi iliyobanduliwa. Nilikuwa nalipenda lile jani. Nilikuwa nalipapasa kwa kidole nikisubiri kuogeshwa.

"Yale maji yalikuwa na harufu?" daktari akauliza.

"Yalikuwa na harufu ya maji."

"Maji hayana harufu."

"Ya kwetu yalikuwa nayo."

Akaweka kalamu chini, akavuta kiti karibu. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Mtoto wa kike, akasema, anazaliwa na mayai yake yote. Yanatengenezwa akiwa bado tumboni mwa mama yake. Akishazaliwa hakuna nyongeza, ni kupungua tu. Kwa hiyo kinachomfikia mama wakati huo, au kinachomfikia mtoto akiwa mchanga, kinaweza kufika mpaka kwenye yale mayai.

"Watafiti wamewapa panya wenye mimba baadhi ya dawa za magugu," akasema. "Watoto wa kike wa wale panya, wengine walibalehe vibaya, wengine walikuwa na mayai machache, wengine mimba zilitoka. Kwa wanyama tumeona. Kwa binadamu bado wanafuatilia, na bado wanabishana."

"Kwa hiyo utaandika kwamba ni pipa."

"Hapana. Siwezi kuandika hivyo. Wapo wanawake ambao hawajawahi kuona shamba na wana hali kama yako. Nikisema ni pipa, nitakuwa nimekudanganya. Nikisema si pipa, nitakuwa nimekudanganya pia."

Akaandika kwenye karatasi: *Sababu haijathibitika.* Kisha akakunja karatasi mara mbili na kunipa.

"Machache si sufuri," akasema. "Bado kuna nafasi, ndogo. Lakini msipoteze mwaka mwingine na mizizi."

Nikashuka kitandani. Ilibidi niruke.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza miwani. Nakaa nyuma ya meza yenye taa, nakaza skrubu ndogo kama mbegu ya nyanya, nanyoosha mikono ya miwani iliyokaliwa na wenye nayo. Siku ile jioni niliharibu fremu mbili. Mzee mmoja aliletewa miwani yake, akaivaa, akasema jicho la kushoto anaona vizuri ila sikio la kushoto limepanda juu. Nikamwomba radhi. Kesho yake, Jumamosi, nikaomba ruhusa, nikapanda basi mbili kwenda kwa Mama.

Mama yangu ni mfagiaji wa shule. Anaishi chumba kimoja nyuma ya madarasa, chenye dirisha linalotazama tangi la maji. Nilimkuta mlangoni na ungo wa maharage mapajani, anachambua. Alinitazama usoni, kisha tumboni, kisha usoni tena. Wote hufanya hivyo siku hizi, hata wauza mboga.

"Umekula?"

"Nimekula. Mama, nikiwa tumboni mwako, ulikuwa bado gengi la dawa?"

"Mpaka mwezi wa nane," akasema, kwa fahari kidogo. "Ila hawakunitesa. Mimba ilipofika mwezi wa tano nyapara akanionea huruma, akanivua bomba, akaniweka kwenye kuchanganya. Kazi ya kukaa kivulini tu, unakoroga. Wenzangu walinionea wivu."

"Mlikoroga na nini?"

"Mti."

"Na mti ukivunjika?"

Akainua mkono wake wa kulia na kunionyesha, mpaka kwenye kiwiko.

"Dawa yenyewe ilikuwa nzuri," akasema. "Ilitoa povu."

"Hamkuambiwa ni sumu?"

"Tuliambiwa ni sumu ya majani. Mimi si jani."

Nikatoa karatasi ya daktari, nikamsomea, nikamweleza mambo ya panya na mayai kadiri nilivyoelewa. Alisikiliza huku anachambua. Nilipomaliza, nikaona kwamba kwa muda wote ule alikuwa anatupa chini maharage mazima na kubakiza yenye wadudu.

"Kwa hiyo umekuja kuniambia nilikumaliza hata kabla sijakuzaa," akasema.

"Daktari hajasema hivyo."

"Daktari hajasema. Wewe ndiye uliyepanda basi mbili."

Nikainama kuokota maharage. Naye akainama. Tukaokota, vichwa vyetu vimekaribiana, mpaka chini pakaisha na ungo ukabaki mikononi mwangu.

"Dada yako ana wanne," akasema baadaye, kama anayejibu swali nililokuwa sijauliza. "Yeye nilimzaa kwa bibi yako, kabla sijaingia shambani. Nililifikiria hilo. Usidhani sijawahi kulifikiria."

"Mstari wa nne tulikuwa wasichana wangapi wa rika langu?"

Akahesabu. Mapacha wa mlinzi. Mtoto wa fundi matrekta. Yule tuliyemwita Kijiko kwa sababu alikuwa haachi kijiko chake hata akienda chooni. Na mimi. Watano. Kijiko ana mtoto mmoja. Pacha mmoja anaye mmoja, baada ya mimba tatu kutoka. Sisi watatu tuliobaki, hatuna.

"Watano si utafiti," nikasema, kwa sauti ya daktari.

"Watano ni watano," Mama akasema.

Nikamuuliza lile pipa alilitoa wapi. Uso wake ukafunguka kidogo. Lilikuwa zawadi, akasema. Tena halikuletwa kwake, lililetwa kwa ajili yangu. Nilikuwa na siku nne tangu kuzaliwa, mtu wa stoo akalileta mwenyewe, analiviringisha kwa mguu kutoka stoo mpaka mlangoni kwetu, jua kali, shati limemganda. Akasema mwenye kichanga anahitaji maji karibu. Baada ya hapo nyumba nyingine nazo zikaomba, naye akawapa wote.

"Alikuwa mtu mwema," Mama akasema. "Wakubwa wengine wa pale hata salamu walikuwa hawaitikii. Yule alikuwa anauliza mtoto anaendeleaje."

"Yuko hai?"

"Nani?"

"Mtu wa stoo."

Mama akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la siku.

"Unaniuliza mimi? Si wewe unampikia kila Jumapili?"

Niliweka ungo chini kwanza.

Baba mkwe maisha yangu yote ya ndoa amekuwa akisema "nilipokuwa kampuni." Nilipokuwa kampuni tulikuwa tunaamka alfajiri. Nilipokuwa kampuni hakuna aliyechelewa. Sikuwahi kuuliza kampuni gani. Kila mzee ana kampuni yake.

"Siku ya kukutanishwa wazazi nilimjua kwa sauti," Mama akasema. "Naye akanijua. Nikaona yeye hasemi, nami nikanyamaza. Nilifikiri hataki watu wajue alianzia wapi. Nikafurahi moyoni. Nikasema, mwanangu anaingia nyumba ya mtu aliyemletea maji."

Jumapili saa nane kasoro nilikuwa nimekaa sebuleni kwa wakwe, kwenye kiti cha mbao kilichowekwa peke yake kutazama makochi. Sikuhitaji kuelekezwa kwamba ni changu. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa. Kimya alikaa mwisho wa kochi, karibu na friji. Wifi yangu, mdogo wa mwisho wa nyumba ile, alikuwa na daftari na kalamu. Yeye ni karani kwenye ofisi ya forodha, hajui kukaa kikaoni bila kuandika.

Jana yake Kimya sikumwambia lolote. Si kwamba nilificha. Kumwambia Kimya jambo ni kama kudumbukiza jiwe kisimani na kusubiri mlio, na mimi siku hiyo sikuwa na nguvu ya kusubiri.

Mama mkwe akafungua kikao. Akashukuru wote kwa kufika, ingawa sote wanne tulikuwa tumekula naye mezani dakika kumi zilizopita. Akasema miaka sita si siku sita. Akasema hana ugomvi nami, mimi ni mkwe safi, jikoni safi, mdomo safi, ila nyumba ina haki yake. Akasema mwanawe anahitaji kusaidiwa.

"Kusaidiwa vipi?" wifi akauliza, kalamu tayari. "Niandike nini?"

"Andika kusaidiwa. Wataelewa."

Kimya alikuwa anasikiliza friji. Ilikuwa inatoa mlio.

Baba mkwe akanigeukia. "Una la kusema?"

"Nina swali, Baba. Ile kampuni yako ilikuwa kampuni gani?"

"Hilo halimo kwenye ajenda," wifi akasema.

"Liandike," akasema mume wangu.

Tukamgeukia wote. Hata friji, naapa, ilinyamaza.

Baba mkwe akavua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, akaishika mkononi bila kuivaa. "Ya miwa," akasema.

"Ulikuwa stoo."

"Nilikuwa stoo."

"Ulikuwa unawapa wafanyakazi mapipa ya bluu wawekee maji."

"Nilikuwa nawapa."

Mama mkwe akaingia kati, mapipa gani tena, tumekutana kwa mambo ya maana. Nikatoa karatasi, nikaeleza. Nilieleza kwa kifupi na bila kulia, kwa sababu nilikwisha kufanya mazoezi kwenye basi. Mkono wa Mama kwenye povu. Maji yenye harufu. Panya. Mayai yasiyo na nyongeza. Nikasema pia lile ambalo daktari alikataa kuandika, na kwa nini alikataa, ili isije ikasemwa kwamba nimeongeza chumvi.

"Yale mapipa yalikuwa na karatasi," nikasema. "Ilibanduliwa. Iliandikwa nini?"

Baba mkwe hakuharakisha. "Iliandikwa pipa likiisha dawa litobolewe na kufukiwa. Lisitumike kwa maji wala chakula."

"Na wewe ulijua kusoma."

"Ndiyo sababu nilipewa stoo."

"Nani alibandua?"

"Mimi. Ilikuwa na picha ya fuvu, watu wakawa wanaogopa. Niliyabandua karatasi, nikayasuuza kwa sabuni mara tatu, nikayaanika. Mfereji ulikuwa mmoja kwa nyumba sitini, ukitoa maji saa mbili kwa siku. Wanawake walikuwa wanapigana. Mapipa yamejaa nyuma ya stoo, yananitazama. Nilitaka kusaidia. Muulize mama yako kama nilikuwa mtu mbaya."

"Nimemuuliza. Anasema ulikuwa mwema."

Nafikiri hilo lilimuumiza kuliko kama ningemtukana. Akarudisha miwani usoni, akaivua tena.

Ndipo mama mkwe akasema, polepole, kama anayejisemea mwenyewe, "Mimi uliniambia yamekwisha."

Akamgeukia mumewe.

"Mapipa," akasema. "Tulikaa pale miaka minane. Nilikuwa nachota na ndoo ya bati, kutoka nyumba za wakubwa mpaka mferejini, na mimba ya huyu, na huyu mgongoni." Akamwonyesha binti yake, akamwonyesha mwanawe. "Nikakuomba pipa. Moja. Ukaniambia yamekwisha."

"Mama Watoto," baba mkwe akasema.

"Na wa mistari ya chini walikuwa nayo. Niliyaona. Nikafikiri una uchoyo. Miaka yote nimewaambia ndugu zangu nimeolewa na mtu mchoyo."

"Sikuwa na uchoyo."

"Ndiyo nimeelewa sasa," akasema.

Wifi akaacha kuandika. Akaweka kofia kwenye kalamu na kuiweka juu ya daftari, sambamba na mistari.

Mama mkwe akanyanyuka. Nilidhani anaondoka. Akaja mpaka kwenye kiti changu cha mbao, akavuta stuli, akakaa pembeni yangu, akitazama makochi pamoja nami. Hakunigusa. Alikaa tu upande ule.

"Endelea," akamwambia mumewe.

Baba mkwe akasema hakuwa na hakika. Alisema hakuna aliyekuwa na hakika wakati ule, hata mabwana shamba. Kwake hakuleta pipa kwa sababu mtu ukiwa na shaka huanza na watoto wako, na hilo, akasema, ndilo ambalo hajaweza kulipatia maelezo mbele ya Mungu. Kisha kampuni ikafungwa, watu wakatawanyika, akasahau. Mpaka siku ya kukutanishwa wazazi, alipoingia sebuleni na kumkuta Mama yangu ameketi.

"Nikamjua. Nikasema moyoni, hawa wakipata mtoto, basi yale mapipa hayakuwa na neno. Nikawa nauliza kila mwezi."

"Ulikuwa unasubiri mjukuu," nikasema.

"Nilikuwa nasubiri jibu."

Miaka sita, wasomaji wangu, nimelichukia lile neno "Tayari." Nimelisikia nikiwa nimeshika sinia, nimelisikia nikiwa na homa. Kumbe mzee alikuwa anauliza habari zake mwenyewe. Nilijaribu kumchukia upya, kwa sababu mpya, lakini sikujua nianzie wapi. Nilimwona tu mtu mzima aliyeshika miwani ambayo ilikuwa na mkono uliolegea, na vidole vyangu vilitaka kuikaza.

Ningeishia hapo, na ingetosha kwa Jumapili moja. Lakini Kimya akasimama.

"Si siku ile, Baba," akasema.

"Kaa chini."

"Hukumjua siku ile. Mwambie ukweli, au nitamwambia mimi."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema kwenye harusi yetu.

Baba mkwe akatazama mlango, kisha akatazama mkewe, ambaye hakumpa msaada wowote. Akaanza kuongea akiyaelekeza maneno kwenye sakafu.

Alikuja dukani kwetu, akasema, miezi mingi kabla ya siku ya wazazi. Mimi simkumbuki, wateja wanakuja wengi. Alikaa kwenye benchi kusubiri. Pembeni yake kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akipiga soga na mteja mwingine, akimwonyesha kwa kidole yule fundi wa kike nyuma ya taa. Yule ni mwanangu wa mwisho, mwanamke akasema, alizaliwa shamba la miwa, akiwa na siku nne tu aliletewa pipa la maji na mkubwa mzima. Baba mkwe akajifunika gazeti. Alikaa nyuma ya gazeti mpaka Mama akaondoka. Kisha akaenda nyumbani bila kuchukua miwani yake.

"Sikula siku mbili," akasema.

"Kweli hakula," mama mkwe akasema. "Alisema ni tumbo."

"Kisha?" nikauliza.

"Kisha nikamwita huyu. Nikamwambia kuna msichana nimemkosea, na sijui nimemkosea kiasi gani. Nikamwambia aende akaniangalizie kama ni mzima."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa bado amesimama, mikono haijui ikae wapi.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua habari ya mapipa," akasema. "Ya mayai sikujua. Ulipokuwa unakunywa ile mizizi nilitaka kusema. Kila siku nilitaka kusema."

"Ulinioa kwa sababu Baba alikutuma."

"Alinituma dukani. Hakunituma nikuoe."

"Hakuna tofauti," nikasema.

"Ipo," akasema.

Sasa niwaambie jinsi tulivyokutana, maana sijawahi kuliandika hapa, nililiweka akiba kwa ajili ya wiki yenye furaha. Siku ya kwanza Kimya alikuja kuchukua miwani ya baba yake. Nilikuwa nimekwisha kuikaza. Kesho yake akairudisha, akasema imelegea. Niliipima, ilikuwa nzima. Nikajifanya naikaza. Wiki iliyofuata akaja tena na miwani ile ile. Alikuja mara saba. Mara ya saba alikuja bila miwani, akasimama mbele ya meza yangu, akashindwa kusema amekuja kufanya nini, na mimi nikamsaidia kusema. Nimewasimulia hadithi hii wenzangu wote dukani. Ndiyo hadithi pekee ya maisha yangu ambayo mpaka Jumapili ile ilikuwa haina kasoro.

Kwa hiyo sikumuuliza kama ananipenda. Nilimuuliza kitu kinachohesabika.

"Ulikuja mara saba," nikasema. "Ngapi ulitumwa?"

Baba mkwe akataka kusema kitu. Mama mkwe akamwinulia mkono.

Kimya akatazama mkono wake wa kushoto. Akaanza kukunja vidole, taratibu, kimoja kimoja, midomo ikicheza bila sauti. Kidole cha kwanza. Cha pili. Akakunja cha tatu, akakitazama muda mrefu, kisha akakikunjua. Vilivyokunjwa vikabaki viwili.